Bastola Mbili za Siku ya Amani

Jina la nchi yetu ni siri ya serikali, kwa hiyo msiniulize. Hata kwenye ramani tuliomba paachwe peupe. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna nchi yenye amani kama yetu, na amani hiyo inalindwa na wizara mbili: Wizara ya Bunduki na Wizara ya Risasi.

Wageni huuliza kwa nini ziwe mbili. Kuuliza si ujinga, ila kwetu si werevu pia. Miaka kumi na mitano iliyopita wanajeshi wachache walijaribu kumwondoa Mlezi Mkuu wa Taifa. Tume ya uchunguzi ilikaa miezi minane ikitafuta chanzo cha uasi, ikagundua kwamba waasi walikuwa na bunduki zenye risasi ndani. Chanzo kikawa kimepatikana. Ikatungwa Sheria ya Utengano. Bunduki zikabaki mjini, risasi zikapelekwa ng'ambo ya mto chini ya waziri mwingine, na watumishi wa wizara hizo mbili wakakatazwa kuandikiana barua, kusalimiana na kuoana.

Msidhani jeshi letu lilidhoofika. Askari hufanya mazoezi kila asubuhi. Mmoja hulenga na kufyatua, kikosi kizima huitikia "Paa!", na aliyelengwa huanguka. Kanuni ya nne inasema aanguke papo hapo, kwa adabu, bila kuchagua mahali. Kikosi cha Ikulu ndicho kinachosifika zaidi. Paa yao ikitoka, mabalozi wa nchi za nje huinama chini ya viti.

Bunduki na risasi hukutana mara moja tu kwa mwaka, Siku ya Amani. Risasi moja huletwa Ikulu ndani ya kijisanduku cha mahameli, bunduki huingizwa kwa mlango mwingine, na Mlezi Mkuu hupiga hewani mbele ya wananchi kuzindua amani ya mwaka mzima. Dakika moja baadaye vinatenganishwa tena, kila kimoja na walinzi wake.

Sasa, mwaka huo Mlezi Mkuu alisema bunduki ya zamani inamuumiza bega. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona gazetini picha ya kiongozi mwenzake akiwa na bastola ya kifahari kiunoni, na tangu siku ile chakula kilikuwa hakimshuki. Ikaamuliwa taifa linunue bastola.

Waziri wa Bunduki, Mheshimiwa Fumbwe, alileta moja kutoka nchi ya baridi. Ilikuwa nyeusi tii, chuma chake kimesuguliwa kwa mkono mpaka kikawa laini, mpini wa mti usioota kwetu, na ilisemekana fundi mmoja hutumia mwaka mzima kuimaliza moja tu. Waziri wa Risasi, Dokta Kilangi, shemeji yake Mlezi Mkuu, akaleta nyingine. Sheria ilimkataza kushughulika na bunduki, lakini haikumkataza kumpa shemeji yake zawadi. Yake ilikuwa ya dhahabu, mpini wa lulu, mtutu umechorwa maua na njiwa, na pameachwa nafasi ya kuandika jina la mwenyewe. Udaktari wa Dokta Kilangi ni wa heshima, alitunukiwa na chuo ambacho mkuu wake ni yeye.

Ikaundwa Kamati Teule ya watu kumi na saba. Kwa kuwa Mlezi Mkuu angepiga juu, mwenyekiti akawa Mkurugenzi wa Hali ya Hewa. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na tisa bila doa. Katika wale kumi na saba hapakuwa na mtu aliyewahi kushika bastola, na baada ya vikao sita vya kulijadili jambo hilo wakakubali aitwe mtu anayejua.

Aliitwa Sajini Lubinza, mtunza ghala la silaha. Alikuwa mtu mkavu, mchache wa maneno, mikono yake ikinuka mafuta ya bunduki hata siku ya sikukuu. Alikuwa amebakiza siku arobaini astaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, na alikuwa na haja moja tu duniani: arudi kijijini kwa mkewe, Bi Sikudhani, apande mananasi. Miche alishainunua. Ilikuwa imepangwa nyuma ya ghala ndani ya makopo ya mafuta, na alikuwa akiimwagilia kabla ya gwaride.

Tatizo lilikuwa cheti. Kwa kuwa kila Siku ya Amani ndiye aliyekuwa akiiweka ile risasi moja ndani ya bunduki, Sajini alihesabiwa kuwa mtumishi wa wizara zote mbili. Hangeweza kuachiliwa mpaka mawaziri wote wawili watie saini kwenye karatasi moja, na kwa sababu ya Sheria ya Utengano karatasi hiyo ilipaswa kupitia Wizara ya Utamaduni. Aliyemtangulia kwenye kazi hiyo ana miaka themanini na mmoja sasa. Bado anakuja ghalani kila asubuhi, anakaa kwenye benchi, anasubiri saini ya pili.

Basi Mheshimiwa Fumbwe alimwita Sajini ofisini, akamkaribisha chai, akamwambia kwamba kalamu yake huandika vizuri sana anapokuwa na furaha, na kinachomfurahisha ni rangi nyeusi. Kesho yake Dokta Kilangi naye akamwita. Yeye hakutoa chai. Alimwambia tu kwamba amesikia mananasi hayastawi kwa mtu asiyependa dhahabu. Fahali wawili wakipigana huumia nyasi, na nyasi yenyewe siku hiyo ilirudi ghalani kumwagilia miche.

Siku ya majaribio Sajini alitandika blanketi juu ya meza ya kamati, akazifungua bastola zote mbili kipande kwa kipande. Wajumbe wawili walipiga yowe wakidhani amezivunja. Akazitazama ndani ya mitutu kwenye mwanga wa dirisha, akazifunga, akavuta kifyatulio cha kila moja mara kadhaa. Kile cha dhahabu kilikuwa chepesi, ukikigusa tu kimekwenda. Kile cha nyeusi kilikuwa kigumu, kinataka mtu akivute kwa nia. Kisha akatia kidole chake cha mwisho kwenye tundu la kila mtutu, akatikisa kichwa.

"Risasi yetu ni ya bunduki ya zamani," alisema. "Ni ndefu na imechongoka. Humu haiingii. Na humu pia haiingii."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Sajini, kamati hii imeundwa kuchagua bastola. Mambo ya risasi peleka wizara inayohusika."

"Siruhusiwi kuiandikia, Mheshimiwa."

"Basi hakuna tatizo," alisema mwenyekiti, na wajumbe wakaafiki.

Sajini hakukata tamaa. Aliandika barua kwa Wizara ya Utamaduni akiomba iwaulize wenye risasi kuhusu saizi. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, likiwa na mihuri mitatu na picha ya ngoma. Lilisema risasi za taifa zinatosha kila mahali.

Akaandika taarifa yake. Ilikuwa sentensi moja: bastola zote mbili ni kazi nzuri ya mikono, lakini hakuna itakayolia mpaka ziagizwe risasi za saizi yake. Kamati ilikaa siku mbili juu ya sentensi hiyo. Mjumbe mmoja alisema ina lugha ya kukatisha tamaa. Mwingine alisema neno "lakini" halijawahi kutumika katika nyaraka zinazokwenda Ikulu. Ikaamuliwa ikatwe kuanzia kwenye "lakini". Mimi niliandika uamuzi huo kwenye kumbukumbu, ukurasa wa arobaini na nne, pamoja na maneno yaliyokatwa, maana karani mzuri hatupi kitu. Na niandike hapa pia kwamba katika vikao vyote hivyo hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza Sajini ni ipi kati ya zile mbili angeichagua yeye.

Taarifa ilipofika Ikulu ikisema bastola zote mbili ni kazi nzuri ya mikono, Mlezi Mkuu alisimama mbele ya kioo. Akivaa nyeusi alionekana mlinzi wa benki, na akivaa ya dhahabu alionekana bwana harusi. Akachagua harusi.

Dokta Kilangi alitia saini cheti cha Sajini huku akicheka. Mheshimiwa Fumbwe alifunga kalamu yake akaitia mfukoni. Idara ya Utumishi ilipoulizwa mtu mwenye saini moja hesabu yake ni ipi, ikajibu kwamba amestaafu nusu. Kwa hiyo Sajini akawa anakuja kazini mpaka saa sita mchana, na baada ya hapo anakaa kwenye benchi na yule mzee aliyemtangulia.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nilimuuliza atafanyaje Siku ya Amani, naye akajibu kwamba akinyamaza, Mlezi Mkuu atavuta kifyatulio mbele ya taifa na hapatasikika kitu, na wa kubeba lawama ni aliyeweka risasi. Akisema, wa kubeba lawama ni aliyesema. "Bwana karani," akaniambia, "hata ningekuwa na saini zote mbili, siku hiyo mimi sina pa kupita."

Siku ikafika. Uwanja ulijaa watu, kwa kuwa kutokuja ni kosa. Kwa mlango wa kulia aliingia Mheshimiwa Fumbwe akiwa amebeba ile bastola asiyoitaka juu ya mto wa hariri. Kwa mlango wa kushoto aliingia Dokta Kilangi na kijisanduku cha mahameli. Sajini alisimama katikati, mbele ya kipaza sauti. Akaifungua bastola, akachukua risasi, akaiweka kwenye magazini. Haikuingia. Akaigeuza, kwa ajili tu ya kutimiza wajibu. Haikuingia. Nilimwona akiitazama risasi kiganjani, halafu akamtazama Bi Sikudhani, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini na kukaa safu ya wake wa watumishi.

"Mzee," alisema, na kipaza sauti kikabeba neno mpaka nje ya uwanja, "haiingii."

Tangu aingie madarakani Mlezi Mkuu hajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu hakiingii. Yeye akanyoosha mkono, akachukua bastola tupu, akasema, "Imeingia." Akailenga juu, akavuta kifyatulio. Ikalia kacha, mlio mdogo kama wa mtu anayefunga pochi.

Na hapo kikosi cha Ikulu, kilichokuwa nyuma yake, kikafanya kile ambacho kimekifanya kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Kikaitikia, "Paa!" Mabalozi wakainama. Wananchi wakashangilia. Mlezi Mkuu akaitazama bastola yake kwa mapenzi, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Akauliza ni nani aliyesema haiingii.

Hakungoja jibu. Alimgeukia Sajini, akamlenga kifuani, akavuta kifyatulio.

"Paa!" kikosi kikaitikia.

Sajini Lubinza alisimama wima. Aliniambia baadaye kwamba katika muda ule aliwaza mambo mawili: mananasi, na kanuni ya nne. Yeye mwenyewe alikuwa ameifundisha kanuni hiyo kwa vijana elfu. Akaanguka papo hapo, kwa adabu, bila kuchagua mahali. Daktari wa Ikulu alimsogelea, akamshika mkono, akasikia mapigo yakienda vizuri, akatazama uso wa Mlezi Mkuu, akaandika kwamba amefariki. Risasi ya taifa ilikuwa bado iko kiganjani mwa marehemu. Hakuna aliyeuliza ya pili ilitoka wapi.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na serikali yetu huwa haipendi kuwachelewesha wapenzi. Kwa hiyo mazishi yalipangwa haraka, kwa heshima zote, ya jeneza lenye mawe. Bi Sikudhani alikuja na kanga nyeusi akilia, kwa kuwa alikuwa hajaambiwa. Alipofika kwenye nyumba ya mumewe pale mjini akamkuta jikoni anakula ugali wa jana, alimpiga kwa mwiko mara tatu, kisha akamkumbatia akalia upya. Wiki iliyofuata akaletewa barua ya rambirambi. Chini yake palikuwa na saini ya Mheshimiwa Fumbwe, na pembeni yake saini ya Dokta Kilangi, kwenye karatasi moja.

Sajini aliisoma barua hiyo mara mbili, akaiviringisha, akapakia makopo yake kwenye mkokoteni. Kijijini mtendaji alimfuata kumwandikisha kwenye kikundi cha kupiga makofi, lakini alipokumbuka jina lake limetangazwa redioni kuwa ni marehemu, akafunga daftari. Hakuna kanuni ya kumwita marehemu mkutanoni. Hakuna fomu ya kumwonya. Akawa anapanda mananasi yake na kusema lolote linalomjia mdomoni, kwa sauti ya kawaida, hata barabarani. Watu walikuwa wakisimama kumsikiliza kama watu wanaoonja sukari baada ya mfungo mrefu.

Habari hizo hazikukaa sana zikafika mjini. Wa kwanza kufuata alikuwa mfanyakazi wa reli. Alijipeleka Ikulu mwenyewe, akamwambia Mlezi Mkuu kwamba treni aliyoizindua haina injini. Akapigwa bastola. Kikosi kikaitikia, akaanguka, akaenda kwao. Akafuata mpishi wa hospitali, kisha hakimu, kisha wasichana wanne wa kiwanda cha bendera. Mlezi Mkuu alifurahi kupita kiasi, maana alikuwa hajui kama ana shabaha nzuri hivyo. Akatenga siku ya Jumatano. Foleni ikawa inaanza alfajiri na kuzunguka ukuta, kila mtu na kikaratasi chake cha ukweli mkononi, wengine wakiomba kusaidiwa kuufupisha. Kikosi cha Ikulu kikawa kinamalizia siku kwa sauti zilizokauka, wakipewa tangawizi.

Wakati huo Mheshimiwa Fumbwe hakuwa amesahau kushindwa kwake. Siku moja aliniita, akataka kumbukumbu za Kamati Teule. Mimi, kwa sababu mtumishi mwema hujibu zaidi ya alivyoulizwa, nikamfungulia ukurasa wa arobaini na nne. Akasoma maneno yaliyokatwa. Akayasoma tena. Mwezi huohuo akaagiza nje ya nchi masanduku sita ya vipuri vya bastola ya dhahabu. Sheria ya Utengano inataja risasi. Haitaji vipuri.

Nilipoelewa nilichofanya, niliogopa na niliona aibu. Niliwaonya wenzangu walio kwenye foleni, wakaona ninatafuta nafasi ya mbele. Mwisho nikapanga foleni na mimi. Ilipofika zamu yangu nilimwambia Mlezi Mkuu kwamba nimeandika vikao kwa miaka kumi na tisa na hakuna hata kimoja kilichowahi kuamua jambo. Akanilenga. Kikosi kikaitikia, nami nikaanguka kwenye zulia, mahali palipokuwa pameshachakaa kwa watu. Ndiyo maana ninaweza kuwasimulia haya.

Vipuri vilifika baada ya mwaka na miezi. Nilikwenda kumwambia Sajini, naye akaacha jembe shambani, akavaa viatu, tukaja mjini siku hiyohiyo, Jumanne. Kesho yake asubuhi tulitembea kando ya foleni tukimwambia kila mtu arudi nyumbani. Waliokuwa wapole walitujibu kwamba marehemu hawasemi. Wengine walisema nyie mmeshapata yenu, mnatuonea wivu. Mbele kabisa alikuwa mwalimu mmoja mwanamke, Nyakunga, aliyelala hapo tangu juzi. Kikaratasi chake kilisema shule yake haina paa. Sajini alimshika mkono akamwomba kabisa. Mwalimu alimtazama, akasema, "Baba, wanafunzi wangu wananyeshewa," akabaki mahali pake.

Lango likafunguliwa, na hapo akaja Mheshimiwa Fumbwe na kisanduku chini ya kwapa, akampita yule mwalimu kama mawaziri wanavyopita. Foleni ikanung'unika. Kupitia uzio wa vyuma tulimwona akiijaza ile bastola mwenyewe, akipiga magoti, akimkabidhi Mlezi Mkuu kwa mikono miwili. Alikuwa anang'aa. Hii ndiyo saa aliyoisubiri kumwonyesha mkubwa wake ni nani mtumishi wa kweli na ni nani aliyempa zawadi ya kichezeo.

"Mzee," alisema, "muda wote huu shemeji yako amekuacha na bastola tupu. Hujapata kumpiga mtu hata mmoja. Leo ndiyo imepata risasi."

Sijui kama alipata kujua kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza ya kweli tangu apewe uwaziri. Mlezi Mkuu alimuuliza kama anamaanisha hana shabaha. Mheshimiwa Fumbwe alifungua mdomo kueleza, lakini kidole cha Mlezi Mkuu kilikuwa tayari kimegusa kile chuma chepesi.

Sauti iliyotoka haikutoka mdomoni mwa mtu. Hata hivyo kikosi, kwa mazoea, kikaitikia, "Paa." Tulisubiri waziri ainuke aende kwao. Daktari alimshika mkono, na mara hii alikaa muda mrefu kabla ya kuandika. Mwalimu Nyakunga alikunja kikaratasi chake vipande vinne. Foleni ikaisha bila mtu kuamriwa aondoke, na tangu Jumatano hiyo hakuna aliyemwambia Mlezi Mkuu jambo la kweli. Tuliokufa mapema tumebaki mia mbili na kumi na wanne. Shule ya yule mwalimu bado haina paa, hilo tunalisema sisi.

Juzi nilikwenda kumtembelea Sajini. Mananasi yake ya kwanza yalikuwa yameiva, na alikuwa amekaa kizingitini anamenya moja kwa kisu kifupi, akitoa macho ya nanasi moja moja kwa utaratibu uleule aliofungulia bastola kwenye blanketi. Bi Sikudhani alituletea sahani. Nikakumbuka kwamba kuna swali moja halimo kwenye kumbukumbu zangu, nikamuuliza: kati ya ile nyeusi na ile ya dhahabu, yeye angechagua ipi?

Alifuta kisu kwenye goti. "Nyeusi," alisema. "Kifyatulio chake kilikuwa kigumu. Mtu angepata nafasi ya kufikiri."